Kichanga Yuko Wodi Maalumu? Kamua Leo, Atanyonya Wakati Wake

Mtoto amezaliwa kabla ya miezi kutimia, au ametimiza miezi lakini anapumua kwa shida, na sasa yuko kwenye wodi ya uangalizi maalumu, ile ambayo manesi huiita NICU. Wewe umebaki wodi ya wazazi, pengine ghorofa nyingine kabisa, na wenzako wa kulia na kushoto wananyonyesha huku kitanda chako hakina mtoto. Kila anayekuja kukuona anasema muachie Mungu. Muombe, ndiyo. Lakini kuna kazi moja ambayo hakuna daktari wala mashine inayoweza kuifanya kwa niaba yako, nayo inaanza leo hii. Kazi yenyewe ni maziwa.

Vidokezo vyote hapa chini vimebebwa na jambo moja: kunyonyesha huanza kabla mtoto hajaweza kunyonya. Mama anayesubiri mtoto atolewe mpira wa kulishia ndipo aanze kuwaza maziwa, mara nyingi hukuta titi limeshakauka. Wenzako katika safari hii ni wengi. Kwa makadirio ya Shirika la Afya Duniani, watoto milioni 13.4 walizaliwa njiti mwaka 2020, yaani kabla ya wiki 37 za mimba, karibu mmoja katika kila watoto kumi.

1. Anza kukamua ndani ya saa ya kwanza

Kondo la nyuma likishatoka, homoni za maziwa huanza kazi. Hazijali kama mimba ilikuwa ya wiki 28 au 40. Ila titi lina haja ya kusikia pia kwamba kuna anayenyonya, na kwa kuwa mdomo wa mtoto haupo, mkono wako ndio utakaoshika zamu. Saa ya kwanza ni bora kuliko zote. Ikishindikana, jitahidi zisipite sita.

Wengi hujifungua njiti kwa sababu presha ilipanda au damu ilianza kutoka, hivyo wanajikuta na kidonda cha upasuaji, dripu mkononi, na dawa za kuzuia kifafa cha mimba zinazokifanya kichwa kiwe kizito. Ukiwa katika hali hiyo, mwombe sista wa zamu au ndugu anayekuuguza akukamue ukiwa umelala. Si jambo la kuonea aibu. Dawa nyingi wanazopewa wazazi, za maumivu, za presha na za kuzuia maambukizi, zinaruhusiwa kwa anayenyonyesha. Kama una wasiwasi na dawa fulani, muulize daktari kwa jina la dawa hiyo, usimwage maziwa kwa kudhania tu.

Pengine mara ya kwanza hutaona hata tone. Endelea. Maziwa mengi hushuka kati ya siku ya pili na ya tano, na kinachofanyika saa hizi za mwanzo ni kuliamsha titi.

2. Tone la njano lisimwagwe

Maziwa ya mwanzo, dang'a, ni mazito, ya njano, na ni machache. Wako wazee wanaoyaita machafu na kushauri yamwagwe. Kwa mtoto aliye wodi maalumu kuyamwaga ni hasara kubwa, kwa sababu hayo ndiyo yaliyojaa kinga kuliko maziwa yote atakayopata baadaye. Zaidi ya hapo, maziwa ya mama aliyejifungua kabla ya wakati huwa na protini na kinga nyingi kuliko ya aliyetimiza miezi. Mwili wako umemtengenezea huyu huyu uliyemzaa.

Utumbo wa njiti ni laini mno. Kuna ugonjwa ambao madaktari wa watoto wanauhofia, ambapo kipande cha utumbo huvimba na kuoza, na mtoto anayelishwa maziwa ya mama yuko katika hatari ndogo ya kuupata kuliko anayelishwa ya kopo. Ndiyo maana hata mililita moja ina kazi. Ivute kwa bomba dogo la sindano lisilo na sindano, moja kwa moja kutoka kwenye chuchu, maana ukiikamulia kwenye kikombe kikubwa yote itabaki imeganda kwenye kuta zake. Hata kama daktari ameandika mtoto asile kitu kwa mdomo, uliza kama unaweza kumpaka matone mawili matatu ndani ya mashavu. Wodi nyingi zinakubali, na mtoto anapata kinga yako kupitia ngozi ya kinywa.

3. Mikono yako inatosha, ila ifundishwe

Akina mama wengi huambiwa "kamua" halafu wakaachwa. Wanavuta chuchu mpaka inachubuka, linatoka tone moja, wanahitimisha kwamba hawana maziwa. Kukamua kuna utaratibu wake, na ni huu.

Nawa mikono kwa maji yanayotiririka na sabuni, hadi kwenye kucha. Chukua kikombe chenye mdomo mpana kilichooshwa na kuchemshwa, kikapoa. Kaa ukiegemea, mabega yamelegea. Weka kitambaa cha maji ya uvuguvugu juu ya titi kwa dakika chache, kisha likande taratibu kwa ncha za vidole kutoka juu kuelekea kwenye chuchu, kulizunguka lote. Sasa weka dole gumba upande wa juu na kidole cha shahada upande wa chini, kwenye mpaka wa duara jeusi, kama sentimita mbili tatu nyuma ya chuchu. Sukuma vidole kuelekea mbavuni. Minya vidole vikutane. Achia. Sukuma, minya, achia, bila kuteleza juu ya ngozi.

Raundi za kwanza hutoka patupu, halafu linakuja tone, halafu mchirizi. Mchirizi ukipungua, zungusha vidole upande mwingine wa duara, maana vifuko vya maziwa vimetapakaa pande zote. Dakika tatu hadi tano titi la kulia, uhamie la kushoto, urudi tena la kulia, mpaka zitimie dakika 20 hadi 30. Ukiumia ujue unakosea mahali: aidha vidole viko kwenye chuchu yenyewe, au unavuta badala ya kusukuma. Mwite sista akuone ukifanya. Kumwonyesha mara moja kunafaa kuliko maelezo ya mdomo mara kumi.

Na maziwa hushuka vizuri mama akiwa karibu na mwanawe. Kamua kando ya kitanda chake wakikuruhusu. Ikishindikana, shika kitambaa alichofunikwa, kinukie, au tazama picha yake kwenye simu. Kutulia kwa moyo kunafungua maziwa, na hofu huyazuia kwa muda.

4. Saa ya wodi iwe saa yako

Wodi nyingi huwalisha watoto kila baada ya saa tatu. Shika ratiba hiyo hiyo: saa 12 asubuhi, saa 3, saa 6 mchana, saa 9, saa 12 jioni, saa 3 usiku, saa 6 usiku, saa 9 usiku. Zimetimia nane, na nane ndicho kiwango cha chini kwa saa 24.

Wengi huiruka ile ya saa 9 usiku, na nawaelewa, mwili umechoka. Lakini homoni inayotengeneza maziwa hupanda zaidi usiku, kwa hiyo raundi hiyo moja inalipa kuliko nyingi za mchana. Ukishindwa kabisa, lala, ila pengo lisizidi saa tano. Titi lililoachwa limejaa muda mrefu hupokea ujumbe kwamba maziwa hayahitajiki, nalo hupunguza.

Siku ya kwanza unaweza kupata vijiko viwili vya chai kwa siku nzima. Hiyo ni kawaida. Ikifika wiki ya pili lengo ni nusu lita au zaidi kwa siku, hata kama mtoto wako kwa wakati huo anakunywa kidogo tu. Unajenga akiba ya atakapokua.

5. Pampu ni msaidizi

Ukiwa nayo, au hospitali inayo, itumie. Ya umeme inayokamua matiti mawili kwa pamoja huokoa muda. Kwa dang'a la siku mbili tatu za kwanza, mkono unashinda pampu. Usinunue pampu kuukuu bila kujua imetoka wapi, na kila kipande kinachoguswa na maziwa kioshwe na kuchemshwa. Kama huna pampu, hujapungukiwa kitu cha lazima.

6. Andika jina, andika saa

Wodini mtoto mara nyingi hana jina bado. Kadi yake inaandikwa "mtoto wa" fulani, na chombo cha maziwa nacho kiandikwe hivyo hivyo: jina lako kamili, tarehe, saa uliyokamua. Wenye kurwa na doto waandike wa kwanza na wa pili, kila mmoja na chombo chake. Kumpa mtoto maziwa ya mama mwingine kimakosa ni kosa ambalo kipande cha plasta na kalamu vinalizuia.

Maziwa yaliyokamuliwa hukaa nje ya friji kwa muda usiozidi saa nne kama chumba hakijapita nyuzi joto 25. Dar es Salaam, Tanga na Mombasa vyumba vingi vinapita hapo, kwa hiyo yapeleke wodini mara tu unapomaliza. Kwenye friji kila hospitali ina kikomo chake, nyingi kati ya siku mbili na nne, nawe fuata cha kwenu. Usiyachemshe jikoni wala kuyaweka kwenye maikrowevu, yanaharibika na yanaweza kumuunguza mtoto. Weka chombo ndani ya bakuli la maji ya uvuguvugu. Ukiona mafuta yameelea juu, usidhani yameharibika: zungusha chombo polepole yachanganyike.

7. Usiuogope mpira wa kulishia

Mpira mwembamba unaopita puani, au mdomoni kwa walio wadogo zaidi kwa sababu wanahitaji pua kupumulia, unapeleka maziwa tumboni bila mtoto kuchoka. Kunyonya ni kazi ngumu. Inabidi avute, ameze, apumue, kwa mpangilio, na ubongo wa njiti haujakomaa kuyapanga hayo matatu. Wengi hufikia hapo karibu na wiki ya 34 ya umri ukihesabu tangu mimba, wengine mapema kuanzia ya 32.

Muombe sista akufundishe kumlisha kwa mpira. Kwanza yeye huhakikisha mpira uko tumboni, kila mara, na hilo ni lake. Kisha maziwa humiminwa kwenye bomba lililofunguliwa juu, ukalinyanyua kidogo, yakashuka yenyewe kwa uzito wake. Hakuna kusukuma. Dakika kumi hadi ishirini, taratibu. Akiwa macho wakati huo, muweke mdomo karibu na titi alinuse na kulilamba. Anajifunza kwamba kushiba na harufu yako ni kitu kimoja.

Usishtuke ukisikia kwamba mtoto wako anapewa mililita moja kila saa tatu, au kwamba leo kipimo hakikuongezwa. Utumbo unazoeshwa.

8. Muweke kifuani, ngozi kwa ngozi, muda mrefu uwezavyo

Mwaka 1978, jijini Bogotá, Colombia, daktari Edgar Rey Sanabria alikuwa na watoto wengi kuliko mashine za joto. Watoto walilazwa zaidi ya mmoja kwenye mashine moja na maambukizi yalikuwa yakiwaua. Akaanza kuwafunga kwenye vifua vya mama zao. Mama akawa joto, akawa lishe, akawa mlinzi. Huo ndio mwanzo wa matunzo ya kangaruu, na hadi leo wako wanaoyachukulia kuwa ni njia ya hospitali maskini zisizo na vifaa.

Wanakosea. Utafiti mkubwa ulioratibiwa na Shirika la Afya Duniani, uliotolewa mwaka 2021, ulifanyika katika hospitali tano za Ghana, India, Malawi, Nigeria na Tanzania, ambako Muhimbili ndiyo ilishiriki. Watoto 3,211 waliozaliwa na uzito wa kilo 1 hadi chini ya kilo 1.8 waligawanywa: wengine walisubiri wapate nafuu kwanza ndipo wabebwe kifuani, kama ilivyokuwa kawaida, na wengine walibebwa mara tu baada ya kuzaliwa, hata wakiwa kwenye oksijeni. Katika siku 28 za mwanzo walifariki asilimia 15.7 ya waliosubirishwa, na asilimia 12 ya waliobebwa mapema. Ni robo ya vifo imepungua, kwa kifua cha mama na kitambaa. Mwaka 2022 Shirika hilo likabadilisha mwongozo wake: kila njiti na kila mwenye uzito mdogo abebwe kifuani mapema iwezekanavyo, kwa saa 8 hadi 24 kwa siku.

Kwa hiyo usiombe dakika kumi za kumshika. Omba saa. Mtoto awe na nepi, kofia na soksi tu, kifua chake kwenye kifua chako, kati ya matiti, miguu imekunjwa kama chura, kichwa kimegeuzwa upande na kidevu kimeinuka kidogo ili njia ya hewa ibaki wazi. Funga kanga au kitenge imara, ukingo wa juu ufike chini ya sikio lake. Mipira ya oksijeni na dripu sista atakupangia ikae sawa. Kisha egemea, usilale chali kabisa. Akiwa hapo maziwa yako yataongezeka, na wengi hushangaa kuona titi linadondosha lenyewe.

Baba ana kifua. Bibi anacho pia. Ukienda kuoga au kula, apokee mwingine.

9. Wewe si mgeni wa kuja kumtembelea

Zipo wodi zinazompangia mama saa za kumuona mwanawe, kama anayekuja kumjulia hali jirani. Nasema bila kumung'unya maneno kwamba utaratibu huo unawaumiza watoto. Mama ni sehemu ya tiba, kama ilivyo oksijeni. Ukikutana nao, uliza kwa heshima: "Sista, naomba niwepo kila anapolishwa, nimpe mwenyewe." Ombi linalohusu kulisha ni gumu kukataliwa. Kama kuna chumba au hosteli ya akina mama wenye watoto wodini, andikisha jina lako siku hiyo hiyo unaporuhusiwa wewe, maana kurudi nyumbani mbali na kukosa nauli ya kila siku ndiko kunakokausha matiti ya wengi.

10. Kutoka kwenye mpira hadi kwenye titi

Hatua hii ndiyo inayovunja mioyo, kwa sababu haiendi kwa mstari ulionyooka. Leo ananyonya vizuri, kesho analala tu. Usimhukumu, wala usijihukumu.

Anza na titi ulilokwisha kulikamua. Anyonye kwa mazoezi, bila mafuriko ya maziwa ya kumkaba. Akizoea, mpe lililokamuliwa nusu, baadaye lililojaa. Njia nzuri kwa mdogo ni kumlaza ubavuni mwako chini ya kwapa, miguu ikielekea mgongoni kwako, kiganja chako kikishika shingo na mabega yake, siyo kisogo. Kidevu chake kikilegea, kitegemeze kwa kidole. Chuchu iguse mdomo wa juu, usubiri afunue kinywa wazi, ndipo umlete kwenye titi. Titi lisipelekwe kwake.

Njiti huvuta mara nne tano halafu hupumzika muda mrefu, wakati mwingine mpaka udhani amemaliza. Mwache apumzike akiwa hapo hapo. Sikiliza mmezo. Midomo ikibadilika kuwa ya bluu au kengele ya mashine ikilia, mtoe, mkalishe wima, mwite sista. Baadaye mtajaribu tena.

Kiasi ambacho hajamaliza apewe kwa kikombe kidogo. Muweke akiwa ameinuka, ukingo wa kikombe ukae juu ya mdomo wa chini, maziwa yaguse tu midomo, naye atayalamba kwa ulimi. Usimmiminie. Chupa yenye chuchu ya mpira huwachanganya baadhi ya watoto, wakaanza kulikataa titi.

11. Maziwa yakipungua

Karibu kila mama wa wodi hii hupita hapo, mara nyingi wiki ya tatu au ya nne. Angalia kwanza ratiba: umekuwa ukikamua mara ngapi kweli? Ongeza raundi, ongeza saa za kifuani. Angalia na afya yako: damu iliyopungua, presha, kipande cha kondo kilichobaki, vyote hupunguza maziwa na vyote vinatibika. Mwambie daktari damu isipokoma au tumbo likiuma.

Kula. Uji, mtori, supu ya samaki, maharage, mchicha, chai ya viungo kama umeizoea. Vinakupa nguvu na maji, na mama aliyeshiba hutulia, ila hakuna chakula kimoja kinachojaza titi lisilokamuliwa. Vidonge vya kuongeza maziwa visinunuliwe duka la dawa kwa ushauri wa jirani. Viulizwe kwa daktari.

Kama bado hayatoshi, kuna nchi zenye benki za maziwa ya mama, ambako maziwa yanayotolewa na akina mama waliopimwa hupashwa joto la kuua vimelea. Kenya ilifungua ya kwanza mwaka 2019 katika Hospitali ya Uzazi ya Pumwani, Nairobi. Familia za Kiislamu zina haki ya kuuliza maziwa yametoka kwa nani, kwa ajili ya undugu wa kunyonya, na benki inayojali huweka kumbukumbu. Kuchukua ya mama wa kitanda cha jirani bila vipimo ni hatari, hata akiwa shoga yako. Na daktari akiamua kuongeza maziwa maalumu ya kopo kwa muda, au unga wa kuongezea nguvu maziwa yako, kubali bila kulia, na uendelee kukamua.

12. Mwenye virusi vya UKIMWI

Anayetumia dawa zake vizuri ananyonyesha, na maziwa yake hukamuliwa vile vile. Mtoto hupewa dawa ya kinga tangu mwanzo. Hakikisha wodi ya watoto inajua, ili asikose dozi katika kuhamishwa kutoka wodi moja kwenda nyingine.

13. Mizani isikutie kiwewe

Njiti hupungua uzito siku za mwanzo, mara nyingi mpaka sehemu ya kumi ya uzito aliozaliwa nao, na huchukua wiki moja na nusu hadi mbili kuurudisha. Baada ya hapo wodi hutarajia kama gramu 15 kwa siku kwa kila kilo yake. Gramu 20 kwa siku kwa mtoto wa kilo moja na nusu ni uzito mdogo wa kuutamka lakini mkubwa wa kuupata. Angalia mwelekeo wa wiki. Siku moja ya kushuka inaweza kuwa tofauti ya nepi.

14. Wanaokuzunguka wapewe kazi

Yatasemwa mengi. Kwamba mtoto amebemendwa, kwamba mmoja wenu ametoka nje ya ndoa, kwamba kuna mtu ana kijicho. Mtoto huzaliwa njiti kwa presha, maambukizi, mapacha, mlango wa kizazi kulegea, na wakati mwingine kwa sababu isiyojulikana. Mama mkwe na wifi wakija na maneno hayo, baba wa mtoto ndiye ayazime. Hiyo ni kazi yake ya kwanza. Ya pili ni kubeba kifuani. Ya tatu kuosha na kuchemsha vikombe, kuleta chakula moto, kukuamsha saa 9 usiku kwa simu kama yuko mbali. Bibi apewe uji wa kupika na watoto wakubwa wa kulea.

Kama umeajiriwa, ulizia likizo mapema. Sheria ya Tanzania inatoa siku 84, na siku 100 kwa aliyejifungua zaidi ya mtoto mmoja, na marekebisho ya mwaka 2025 yamemwongezea muda mama aliyejifungua kabla ya wakati. Beba cheti cha hospitali kinachotaja wiki za mimba.

15. Siku ya kuruhusiwa

Kabla hujasaini, hakikisha ameshanyonya au kunywa kwa kikombe siku nzima bila mpira, uzito unapanda, na joto lake linatulia akiwa kifuani. Ulizia matone ya madini ya chuma na vitamini, tarehe ya kliniki, na namba ya simu ya wodi. Nyumbani endelea kumfunga kifuani, na muamshe anyonye kila baada ya saa tatu hata kama amelala fofofo, kwa sababu mdogo hana nguvu za kulia njaa. Endelea kukamua baada ya kumnyonyesha mpaka uone anamaliza titi mwenyewe. Wageni wasubiri, wenye mafua wasije kabisa.

Na akikataa kunyonya mara mbili mfululizo, akalegea, akapumua zaidi ya mara 60 kwa dakika au kifua kikiingia ndani, akawa wa moto kuanzia nyuzi 37.5 au wa baridi chini ya 35.5, akapata degedege, au macho na nyayo zikawa za njano, usisubiri kuche. Mfunge kifuani umrudishe hospitali usiku huo huo.